Nilimwandikisha mtoto wa miezi mitano kwenye draw ya tiketi: mama mkwe wangu na musical ya Kijapani hapa Sydney

Wakubwa shikamooni, wakuu wenzangu salamu kwenu.

Haya yamenitokea mwenyewe. Hakuna "rafiki yangu mmoja" humu ndani, na chumvi sijatia kwa sababu mama mkwe ana bando na anasoma jukwaa hili kuliko mimi.

Nipo Quakers Hill, magharibi ya Sydney. Kazi yangu ni stock control kwenye ghala moja la Seven Hills. Kwa lugha nyepesi, nalipwa kuhesabu maboksi, halafu nalipwa tena kuyahesabu yale yale.

Ugonjwa huo nimeuleta mpaka nyumbani. Nahesabu ngazi, nahesabu maembe, nahesabu watu harusini. Mara mbili.

Kabla ya huku niliuza viatu vya mtumba Tanga. Kwa hiyo kupatana kwangu si shida, ni burudani. Kumbukeni hilo, litanitia aibu huko mbele.

Twende.

Mke wangu Zuhura anahudumia wazee, aged care. Likizo yake ya uzazi ilipoisha, mama yake, Bi. Saada, akaja kutoka Tanga kwa visa ya miezi mitatu atushikie kijana wetu Swaleh.

Wa pwani mnajua mambo ya ukwe. Mimi na mama tunaheshimiana mpaka tunachoka. Akikaa sebuleni, mimi nakaa ukingoni mwa kiti kama nimekuja kuomba kazi. Kwenye TV wakianza kusogeleana, mimi nakumbuka gari halijafungwa. Wiki ya kwanza nimekagua milango ya gari mara kumi na nne.

Mlango wa pili kuna jirani yetu Kyoko, mama wa Kijapani, mwalimu wa piano aliyestaafu. Swaleh alipozaliwa alituletea sahani ya vitamutamu vya mchele. Zuhura alisahau kuirudisha. Mama alipofika akaiona kabatini, akauliza ya nani, akashika kichwa.

"Mmekaa na sahani ya mtu miezi miwili?"

Kwetu sahani hairudi tupu. Mama akakaanga visheti, akaijaza, akaenda kugonga. Kyoko naye kumbe kwao hairudi tupu. Akaijaza. Mama akaijaza. Ile sahani haikupumzika tena. Nilihesabu safari tisa ndani ya siku kumi na mbili, na hawa watu wawili hawana hata neno moja la pamoja zaidi ya "thank you".

Safari ya kumi sahani ilirudi na DVD mbili juu yake.

Sasa hapa niwaeleze taratibu, maana hata mimi nilikuwa mshamba.

Ni musical, yaani mchezo wa jukwaani wa kuimba mwanzo mwisho. Jina nalihifadhi, lakini ni ule maarufu, umechezwa kwa Kiingereza nchi nyingi. Hizi DVD zilikuwa za Kijapani: waigizaji Wajapani, wanaimba Kijapani, kwenye ukumbi wa Tokyo. Hadithi ni ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni anayemlea mtoto wa mwanamke aliyemchukulia mume.

Mkisikia hivyo mnajua tu mama mkwe wa Tanga, aliyekulia kwenye taarab, hatoki hapo.

Na kwa nini DVD mbili za mchezo ule ule? Kwa sababu Wajapani mhusika mkuu mmoja, kama huyo mwenye nyumba ya wageni, wanampa waigizaji wawili, hapa wanawake wawili, wanapokezana. Leo huyu, kesho yule. Mashabiki wanaenda mara mbili ili wawaone wote, halafu wanabishana miaka. Nilipoelewa hilo nikajisikia nimepata ndugu zangu waliopotea.

Mama akaangalia wa kwanza, mwembamba, sauti ya juu kama filimbi. Akasema, "Mzuri." Akaangalia wa pili, mtu mzima, mrefu, sauti nzito inayotoka tumboni. Akarudisha mwanzo.

Kuanzia siku hiyo jina la yule wa pili nyumbani kwetu ni Yule Mrefu.

Faida moja kubwa: kwenye hizi DVD hawakumbatiani ovyo. Wakipendana wanasimama mbali mbali, wanatazamana, wanaimba, machozi yanashuka. Kwa mara ya kwanza mimi na mama tukaangalia kitu kimoja toka mwanzo mpaka mwisho, na gari likabaki bila kukaguliwa.

Nilimuuliza siku moja, mama, kuna DVD za Kiingereza pia, nikutafutie?

"Baba Swaleh, Kiingereza sikijui, Kijapani sikijui. Basi niache nichague kinachoimbika."

Na kweli kinaimbika. Maneno yao mengi yanaishia na vokali kama yetu, ulimi hauna pa kujikwaa. Wiki ya nne mama alikuwa anamlaza Swaleh kwa wimbo wa Yule Mrefu, neno kwa neno, haelewi hata moja. Kyoko alipomsikia kupitia ukutani alikuja akasimama mlangoni ameshika mdomo.

Ndipo akatupeleka Cabramatta, mtaa mwingine hapa Sydney.

Kuna kikundi cha mashabiki wa hizi musical za Kijapani. Wanakutana Jumapili mchana juu ya duka la vitambaa. Nilitegemea Wajapani watupu. Nikahesabu watu ishirini na sita: Wajapani sita, waliobaki Wavietnam, Wafilipino, Wazungu, na mzee mmoja wa Kigiriki aliyekuja na mto wake wa kukalia. Wote wanajua Kiingereza, wote wameona toleo la Kiingereza, na wote wameapa kwamba la Kijapani ndilo lenyewe.

Kiongozi wao anaitwa Linh, Mvietnam mzaliwa wa hapa hapa, mwenye lile duka la chini. Aliponiona akaacha kupanga viti.

"Ni wewe," akasema. "Yule wa pazia."

Wakuu, mwaka jana nilimganda huyu dada dakika arobaini kwa mita sita za pazia. Nilishinda. Kumbe alinikariri.

Sasa jamaa hawa wana nidhamu. Wakati wimbo unaendelea hakuna kunong'ona, hakuna kupiga makofi, simu zinazimwa kabisa. Ukikohoa unatoka nje ukakohoe.

Yule Mrefu akaingia kwenye ule wimbo mkubwa wa sehemu ya pili. Ghafla nikaona mama ameinuka. Anaenda mbele taratibu, bega hili, bega lile, mkono juu, noti ya dola tano imesimama kati ya vidole. Alienda kumtunza mwimbaji, kama tunavyofanya ukumbini kwetu. Alipofika kwenye TV hakuona pa kubandika, akaiweka juu ya spika, akageuka na mwendo ule ule mpaka kitini.

Mimi nilikuwa naangalia dari, nahesabu taa. Nane.

Linh akasimamisha DVD. Akaniuliza kwa sauti ndogo ile ni nini. Nikamweleza: kwetu mwimbaji akikugusa unampelekea, usipompelekea maana yake hujaguswa. Akawaelezea wenzake, na yule mzee wa Kigiriki akasema kwao wanabandika pesa kwenye nguo ya bibi harusi, hakuona ajabu iko wapi. Wakacheka. Ile noti mpaka leo imebanwa ukutani juu ya TV, na mama akapewa kiti cha mbele.

Jumapili saba hakukosa hata moja.

Sasa ndio tunaingia kwenye kosa langu.

Ikatoka habari kwamba Yule Mrefu anakuja Sydney. Mwenyewe, kwa miguu yake. Anaimba nyimbo za ile musical kwenye ukumbi mdogo karibu na Parramatta, Jumamosi saa nane mchana, viti mia moja na ishirini tu, na kikundi cha Linh ndio wenyeji.

Ndege ya mama kurudi ilikuwa Jumanne inayofuata. Siku tatu tu baada ya onyesho.

Mama hakuniomba. Wa pwani hawaombi. Alisema tu, akimfunga Swaleh nepi, "Kumbe Mungu kamleta mpaka huku nami bado nipo." Kauli hiyo ilikuwa na uzito kuliko ombi.

Tiketi haziuzwi kama tulivyozoea. Wamefuata utaratibu wa Japani: unajaza jina lako kwenye fomu mtandaoni, wanachezesha draw, ukitoka unapata, usipotoka basi. Hakuna wa kumuona pembeni, hakuna bei ya kushusha. Mimi mtu wa soko nikaona hii ni dhuluma. Kitu hakina wa kupatana naye, utakishikaje?

Nikatafuta mwanya. Fomu inataka jina na email. Nikaingiza mama. Nikajiingiza mimi. Nikamuingiza Zuhura. Nikaangalia sebuleni kama kuna binadamu amebaki.

Nikamuingiza Swaleh. Mwanachama wa miezi mitano.

Masharti yalikuwa chini ya fomu. Niliyasoma mara moja. Wakuu, mwaka huu wote hicho ndicho kitu pekee nilichokipitia mara moja.

Majibu yakaja Alhamisi nikiwa kazini. Mama: hapana. Zuhura: hapana. Mimi: hapana. Bwana Swaleh: hongera, kiti C7.

Nilipiga kelele ya furaha katikati ya maboksi. Nikapoteza hesabu, nikaanza upya, sikujali. Ndipo nikarudi kusoma masharti vizuri.

Kila tiketi ina jina, na mlangoni unaonyesha kitambulisho. Haihamishwi kwa mtu mwingine. Kila mtu ajiandikishe mwenyewe. Na watoto ambao hawajaanza shule hawaingii ukumbini kabisa.

Yaani mtu pekee kwenye familia yangu mwenye tiketi ndiye pekee aliyekatazwa kuingia.

Nikasema haliharibiki neno. Mama ataenda na tiketi, nani anajua Swaleh ni jina la mwanamume au la mwanamke? Kitambulisho tutasema tumesahau. Nikatulia.

Jioni ile ile mlango ukagongwa. Kyoko, na karatasi mkononi.

Kumbe Kyoko ndiye mkagua vitambulisho mlangoni. Amepewa orodha. Na Kyoko amembeba Swaleh tangu ana siku tatu.

Aliangalia karatasi. Akamwangalia Swaleh, aliyekuwa mapajani kwa mama ananyonya ngumi. Akaniangalia mimi. Akarudi kwenye karatasi. Halafu akainama kidogo, kama yeye ndiye aliyekosa, na hapo ndipo aibu iliponiingia sawasawa.

"Ana nini mwenzangu?" mama akauliza. "Mbona kapoa?"

Ikabidi nitafsiri kesi yangu mwenyewe. Nilijaribu kuipunguza. Zuhura, aliyekuwa jikoni, akawa anaongezea vipande nilivyoviruka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Swaleh, mjukuu wangu hajaota jino, umeshamfanya mlanguzi?"

"Mama, nilitaka wewe uingie."

"Najua ulichotaka. Rudisha."

"Mama, onyesho likiisha, Jumanne yake unaondoka. Hii nafasi haiji tena."

"Nitaondoka Jumanne na uso wangu. Hawa watu wamenipa kiti cha mbele. Nikaingie kwa jina la mtoto, mwenzangu huyu asimame mlangoni ajifanye hanioni? Rudisha, mwanangu."

Alipofika kwenye "mwanangu" nikajua hapa hakuna punguzo.

(Mdau mmoja kaniuliza PM kwa nini sikurudisha kwa email yakaisha. Mkuu, mama alikataa. Alisema lililofanywa kwa siri lirudishwe mbele za watu.)

Jumapili nikasimama juu ya duka la vitambaa, watu ishirini na sita wananiangalia, nikasema nilichofanya. Swaleh alikuwa kifuani kwangu kama kielelezo. Mzee wa Kigiriki akacheka peke yake. Linh hakucheka.

C7 ikachezeshwa upya pale pale. Ikamtokea mama mmoja wa Kifilipino anayefanya kazi za usiku, alikuwa amekosa mara mbili huko nyuma. Akashikwa na kilio. Mama akaenda akamkumbatia, na nyumba yetu ikafutwa kwenye draw.

Nikajaribu kupatana, siwafichi. Mama asimame nyuma kabisa? Hapana, sheria za moto. Akae kwenye ngazi? Hapana. Mimi nifagie ukumbi wiki nzima, yeye aingie kama mwenzangu wa kufagia?

"Leo duka limefungwa," Linh akasema. Halafu akamtazama mama, akalegea kidogo. "Nyuma ya ukumbi kuna mlango wa wasanii. Pale hakuna tiketi."

Akanieleza utaratibu wao, nao una masharti kama hati ya nyumba. Baada ya onyesho mashabiki wanapanga mistari miwili, wa mbele wanachuchumaa ili wa nyuma waone. Hakuna picha. Hakuna kusukumana. Unanyamaza mpaka msanii asalimie kwanza. Zawadi hairuhusiwi, barua tu, moja kwa kila mtu.

Akanipa karatasi. "Soma mara mbili," akasema.

Nilisoma mara nne.

Jumamosi ya onyesho tulifika saa saba mchana, mimi, mama, na Swaleh kwenye kigari chake. Zuhura alikuwa na shift. Tulikuwa namba moja kwenye mstari kwa sababu mstari haukuwepo. Uchochoro wa nyuma, mlango wa chuma, mapipa manne ya taka. Mama alikaa kwenye kigoda cha Kyoko, buibui lake limenyooka, mkoba mapajani, kama amekaa ukumbini kabisa.

Saa nane ikalia. Kupitia ukutani tukasikia mngurumo tu wa chini, sauti bila maneno. Mama akafumba macho. Kila wimbo aliutambua kwa ule mngurumo, akawa anaunyanyulia kidole. Kumwona mtu amekaa nje ya ukuta wa kitu anachokipenda, na aliyemweka nje ni wewe, haina raha wakuu.

Onyesho likaisha. Watu wakajaa, nikahesabu thelathini na wanne. Linh akapita anakagua barua.

"Ya mama iko wapi?"

Mama akafungua mkoba akatoa doti ya kanga, mpya, haijakatwa.

"Zawadi hairuhusiwi," Linh akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha.

Hapa, wakuu, ndipo miaka yangu ya soko ilipopata kazi ya halali.

Nikamwambia hii si zawadi, ni barua.

"Ni kitambaa. Nauza vitambaa, nakijua kitambaa."

"Kifungue."

Akakifungua. Akakisugua kwa vidole, hakuweza kujizuia, akasema pamba safi. Nikamwonyesha maandishi pale chini. Nikamwambia kila kanga ina maneno, na mwanamke wa kwetu anaponunua anasoma kwanza, maua baadaye. Wanatumiana hizi, wanagombana kwa hizi, wanapatana kwa hizi.

"Imeandikwaje?"

"KWAHERI YA KUONANA. Anamuaga, anaomba waonane tena. Ukiniambia hiyo si barua, niambie barua ni nini."

Linh akatazama maandishi ya kwanza. Akashuka akatazama ya pili. Nikaona anahesabu.

"Hapa barua ziko mbili. Sharti ni moja kwa mtu mmoja."

Kanikamata. Doti ni vipande viwili, kila kimoja na maneno yake. Nikamtafsiria mama, nikidhani ataudhika.

"Anayo mikasi?" mama akauliza.

Mwenye duka la vitambaa hatembei bila mikasi. Linh akaikata doti pale pale katikati, mkato ulionyooka kama rula. Kimoja mama akajitupia mabegani. Kingine akakikunja.

Mlango wa chuma ukafunguka. Yule Mrefu ni mrefu kweli, DVD haikutudanganya. Akainamia mistari yote miwili, akasalimia, akaanza kupokea barua, moja moja, kwa mikono miwili.

Alipofika kwa mama akaona kanga iliyokunjwa, akaona na nyingine kama hiyo begani kwake. Kyoko, aliyekuwa amemaliza kazi ya mlangoni akaja kusimama nasi, akamnong'oneza Kijapani, ndefu kidogo. Nikasikia neno Tanga humo ndani. Yule Mrefu akaipokea, akaifungua, akajitupia mabegani vile vile kama alivyovaa mama.

Kwetu marafiki wawili hununua doti moja wakagawana, kila mmoja akavaa chake, watu wajue hawa ni wamoja. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilidhani Linh ametupunja kipande.

Mama akaimba. Kwa sauti ya kumlazia mtoto, mstari wa kwanza wa ule wimbo wa sehemu ya pili. Kijapani kimenyooka. Yule Mrefu akatulia, akamtazama, akaimba mstari wa pili. Mama wa tatu. Wakaumaliza ubeti hivyo, nusu dakika hivi, pembeni ya mapipa ya taka. Hakuna aliyepiga makofi, ndiyo nidhamu yao, ila mstari mzima ulikuwa unapangusa macho.

Mkono wa mama ulienda mkobani. Nikajua ni noti. Nikajiandaa kumzuia. Akatoa leso, akajifuta, akafunga mkoba.

Watu mia na ishirini waliimbiwa ndani. Aliyeimba naye ni mmoja. Hilo nimelihesabu mara mbili.

Jumanne mama akapanda ndege na kipande chake mabegani. Uwanjani aliniambia, "Umenipatia, baba Swaleh. Lakini mtoto usimwandikishe tena popote bila kumuuliza."

Wiki iliyopita Kyoko alikuja na sahani, na juu yake picha aliyoichapisha kutoka ukurasa wa Yule Mrefu: yuko mazoezini Tokyo, jasho linamtoka, kanga mabegani. Zuhura akaituma Tanga. Mama akajibu kwa voice note ya sekunde tatu: "Kaivaa vizuri." Zuhura anasema ameshaisikiliza mara tano. Mimi nasema sita.

Nilichojifunza: mjanja anatafuta mwanya kabla hajajua mlango uko wapi. Ningesoma masharti mara mbili tangu mwanzo, ningejua kitu alichokitaka mama hakikuwa kwenye draw wala hakikuwa na tiketi. Na kupatana ni kipaji kizuri, ila kikitumika mchana kweupe.

Haya, wenye uzoefu wa mama mkwe na burudani zake, wenye ushabiki wa hizi musical, hata wa kuninanga kwa ajili ya Swaleh, karibuni.

Na shida moja ya kweli. Zile DVD Kyoko alimpa mama aondoke nazo, lakini ni za Japani, huku tulizichezea kwenye deki ya kuazima kwake, na deki nyingi za kwetu zinazikataa. Mwenye kujua fundi au duka Tanga lenye deki isiyobagua aje PM.

Bei tutaongea.